Sinia Moja kwa Nyumba Nzima

Mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu kabla ya kushika njia ya Mombasa na Kilwa, alipokewa kwa takrima wanayopewa watu wa elimu, akaletewa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu ya wali ule vikapangwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake zikaandikwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na pilipili, na tangawizi mbichi, na maembe. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya pwani akiisoma habari hiyo, ingawa imepita karibu miaka mia saba, hahitaji mfasiri wala mwenye kumfafanulia, kwa kuwa wali ni ule ule, achari ni ile ile, na chombo ni kile kile, isipokuwa chano cha mti kiligeuka sinia la shaba, na sinia la shaba likageuka hili la alumini tunalolinunua leo Darajani au Kariakoo.

Nimeanza mbali kwa makusudi, ili ifahamike tangu mwanzo kwamba sinia si chombo cha dhiki, wala si desturi ya watu waliokosa sahani za kuwatosha, kama baadhi ya vijana wetu wanavyodhani. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, na ambaye Ulaya ilimjua baadaye kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886 jinsi baba yake, Sayyid Said, alivyokuwa akila pamoja na watoto wake: meza ndefu ya mbao, isiyopanda juu ya sakafu ila kwa inchi chache, imeenea vyakula, na watoto wameizunguka kwa kufuata umri, wakubwa karibu na baba, wadogo mwisho. Mtawala ambaye karafuu zilimpa uwezo wa kununua kiti chochote kilichoundwa duniani aliona ni jambo la hadhi kuketi chini na dhuria wake. Basi tunapoiacha mila hii kwa kuona haya, tunamwonea haya nani?

Katika nchi za Ulaya watu wakitaja mahali nyumba inapokusanyika hutaja meza ya jikoni, nami sina neno na meza yao, kwa maana kila taifa lina namna yake ya kuwaweka watu wake pamoja. Kwetu sisi, kazi ile ilifanywa na sinia lililowekwa juu ya mkeka, uani au ukumbini, na kwa itikadi yangu hakuna skuli wala madarasa yaliyofundisha watoto wa pwani insafu, subira na kuangaliana kwa huruma kama sinia lilivyofundisha. Walakini faida hiyo haitokani na chombo, inatokana na kanuni zilizokizunguka, na hizo kanuni ndizo ninazotaka kuzieleza, kwani yapo masinia mengi hivi leo yanayoliwa bila kanuni yoyote, na hayana tofauti na sahani isipokuwa kwa ukubwa.

Nyumba ya Kiswahili, ile iliyojaa Bagamoyo, Tanga, Ng'ambo ya Unguja na mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, ina baraza mbele kwa ajili ya wapita njia, ukumbi katikati unaopenya baina ya vyumba, na nyuma kabisa ina ua. Barazani hukaa wanaume na habari za ulimwengu, vyumbani mna faragha ya kila mtu, lakini uani ndipo mafiga yalipo, ndipo maji yalipo, na ndipo wote hupita, mkubwa kwa mdogo, mwenye furaha na aliyenuna. Lamu, katika majumba ya mawe, jiko limepandishwa darini ili moshi usiingie vyumbani, na chakula hushuka ngazi kikiwa kimefunikwa. Hata hivyo shughuli ni ile ile moja.

Shughuli hiyo huanzia kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mwenye kukuna nazi hukaa juu ya kibao, ameshika kifuu kwa mikono miwili akikizungusha kidogo kidogo ili asifike kwenye ganda jeusi, na nazi huanguka nyeupe ndani ya bakuli; kisha hukamuliwa kwa kifumbu, au kwa chujio la siku hizi, tui zito likawekwa kando na tui jepesi likatangulia chunguni pamoja na chumvi na mchele. Wali unapoanza kukauka tui zito hutiwa, chungu kikafunikwa, makaa mekundu yakapaliwa juu ya kifuniko na moto wa chini ukapunguzwa, hata wali ukaiva kwa joto la pande mbili. Wakati huo ndipo harufu hutoka uani ikapita ukumbini hata barazani, na kila mtu, bila ya kuitwa, hujua kwamba imebaki kunawa tu. Watu husahau jambo hili, kwamba chungu kimoja ndicho kilichokuwa saa ya nyumba. Wali wa kupalia haumngoji mtu. Ukiachwa ukapoa hupoteza nusu ya utamu wake, na kwa sababu hiyo mwenye nyumba alitoka dukani, mtoto alitoka mchezoni, na mvuvi aliahirisha usingizi wake, wote wakakutana kwa dakika ile moja ambayo wasingekutana kwa sababu nyingine yoyote.

Kisha mkeka hutandikwa, au kitanga cha kulia pale penye watu wachache, na mtoto mmoja hupewa birika na tasa. Akisimama mbele ya babu, humimina maji taratibu juu ya mikono, na tasa likayapokea chini. Akitoka kwa babu huenda kwa bibi, kwa baba, kwa ami au mjomba aliyekuja siku hiyo, mpaka afike kwa wenzake, na yeye mwenyewe hunawishwa mwisho. Mimi nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, na ninaikumbuka kwa mapenzi, maana ndiyo iliyonijulisha mikono ya watu wa kwetu: mkono wa babu uliokakamaa kwa kamba za jahazi, mkono wa shangazi wenye hina iliyofifia, na kidole cha mjomba kisichokunjika. Mtoto aliyemimina maji juu ya mkono wa mtu mzima kila siku hawezi kumkosea adabu kwa wepesi.

Kawa lililofunika sinia likiinuliwa, mvuke hutoka, na jina la Mungu hutajwa. Mtume Muhammad, sala na amani zimshukie, alimwona Umar bin Abi Salama, kijana aliyelelewa nyumbani mwake, mkono wake ukitangatanga katika chombo, akamfundisha mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mafunzo hayo matatu yamekuwa sheria ya kila sinia la pwani, na hata majirani zetu wasiokuwa Waislamu waliokulia mitaa hiyo huyafuata kama ada. Imam Ghazali naye, alipofika katika robo ya kitabu chake Ihya inayohusu ada za maisha, alianza na adabu za kula kabla hajasema lolote juu ya ndoa wala kazi wala usuhuba, na mpangilio huo mimi nauona kuwa ni wa mtu aliyeijua nafsi ya binadamu, kwani asiyejua kula na mwenziwe atafanyaje biashara naye, au atakaaje naye chumba kimoja?

Kitoweo huwekwa katikati, na katikati si kwa mtu. Wanavyuoni wametufundisha kwamba baraka hushuka hapo, nasi tuliokuwa watoto tuliamini hivyo kwa moyo mmoja, tukila kuanzia pembeni na kuiacha nyama ile ikitutazama. Mkubwa ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuimega. Na kwa kuwa mkono wa kushoto hauingii chakulani, na nyama ya kuku wa kienyeji haikatiki kwa mkono mmoja, ilibidi mwingine ashike upande wa pili kwa mkono wake wa kulia, wakavuta pamoja mpaka paja likaachana na kiuno. Baba na mtoto wake waliokuwa wamekosana asubuhi walilazimika kuvuta paja moja adhuhuri. Nimeona kwa macho yangu ugomvi wa siku tatu ukiishia hapo, bila ya mshenga na bila ya neno la msamaha kutamkwa, kwa sababu tu mmoja alinyoosha mkono kushika upande wa pili wa kipande, na mwenziwe akavuta.

Baada ya kuimega, mkubwa husukuma vipande mbele ya kila mmoja kwa ncha za vidole, na hapa ndipo insafu inapoonekana au inapokosekana, maana macho yote yapo. Mwenye kunyonyesha hupata kinono. Mtoto aliyetoka homani hupata laini. Mwenye meno machache hupata ini. Na mgawaji mwenye murua hubakiwa na shingo na mbawa, akazila kama kwamba ndizo alizozitamani. Hakuna anayehutubia. Mtoto huona tu, siku baada ya siku, mpaka siku moja yeye mwenyewe, bila ya kuambiwa, akamsogezea mdogo wake kipande kilichokuwa mbele yake. Na mama aliyekiona kitendo hicho hafurahii cheti cha skuli kwa kiasi kile.

Lipo na jingine, ambalo sahani hailiwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipokuwa wa mgao Unguja na muhogo ukawa ndio tegemeo la wengi, masinia yalipungua uzito lakini hayakupungua watu. Chakula kichache kikigawanywa katika sahani kumi, kila sahani hutangaza ufukara wake, na mwenye njaa zaidi hana la kufanya ila kuitazama ya mwenziwe. Kikiwekwa katika sinia moja, wakubwa huweza kupunguza mwendo wa mikono: hukanda tonge dogo, hukaa nalo, husimulia kisa kirefu, huinuka kana kwamba wanaangalia mlango, wakarudi, na wakati wote huo watoto wanakula, wakashiba, wasijue kwamba wameachiwa. Wengi wetu hatukujua mpaka tukawa wazazi. Na adabu nyingine ilikuwa kinyume chake kwa umbo lakini ndugu yake kwa maana, kwamba mkubwa asinyanyue mkono wake mapema hata akiwa ameshiba, bali aendelee kudonoa, ili mdogo au mgeni asione haya ya kubaki peke yake akila.

Nayo macho ya mama yalifanya kazi nyingine. Katika sinia kila mtu ana shimo lake mbele yake, na shimo lisilozama ni habari. Binti asiyekula ana neno. Kijana anayekula kwa haraka ana mahali anapokwenda. Mzee anayetafuna upande mmoja ana jino bovu na hatalisema. Mama hakuuliza pale pale. Aliyaweka moyoni, kisha jioni, wakati wa kuosha vyombo, akamwita mhusika amsaidie, na jambo likatoka.

Sasa sharti niseme ukweli usiopendeza, maana kuisifu mila kwa kuficha kasoro yake ni kuidhulumu. Katika nyumba nyingi masinia yalikuwa mawili: la wanaume lilikwenda ukumbini au barazani likiwa limejaa na limepambwa, na la wanawake na watoto wadogo lilibaki uani. Bibi Salme anaeleza kwamba masuria wa Sayyid Said, ambao ndio mama wa wengi wa watoto wale, hawakuwa na nafasi katika meza ile. Na katika nyumba zetu za kawaida, ingawa hapakuwa na ufalme, aliyepika aghalabu alikula mwisho, wakati mwingine alikula kilichorudi. Naamini kwamba huo ulikuwa upungufu, na kwamba haukuwa na asili yoyote katika zile adabu tatu nilizozitaja. Lakini nasema vile vile kwamba sinia la uani, kwa uchache wake wa nyama, lilikuwa na utajiri ambao la barazani halikuujua. Pale ndipo palipozungumzwa posa kabla haijafika kwa wazee, pale ndipo mwari alipofundishwa kwa mafumbo, pale ndipo ukoko wa chungu ulipogawanywa kwa watoto kwa haki kali kuliko haki ya mahakama yoyote. Bibi yetu alikuwa akiukwangua kwa upawa wa kifuu, akauvunja vipande juu ya kiganja, akaanza kwa mtoto aliyelia siku hiyo, awe wa nyumba ile au wa jirani. Ningependa masinia yale mawili yawe moja, na katika nyumba nyingi za leo yamekuwa moja, na hilo ni jema ambalo wakati umetuletea.

Sinia pia lilikuwa na njia ya kutoka nje. Ifikapo Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, watoto wa mitaa yetu hupishana vichochoroni wakiwa wamebeba masinia yaliyofunikwa makawa ya ukindu, huku muhogo wa nazi, kule tambi, huku kaimati, kule mkate wa kumimina, na chombo kilichopelekwa hakirudi kitupu. Katika hitima, maulidi na harusi, watu hukaa wanne au watano kwa sinia, si kwa kuchaguana bali kwa kujaza pengo, hata mwalimu wa chuo akajikuta anakula na mchukuzi wa bandarini, na tajiri anamsogezea nyama mtu ambaye asubuhi alikuwa akimdai. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya, nyumba isiyokuwa na mgeni wa kula naye huhesabiwa kuwa haina heri. Wala pwani haikulihodhi jambo hili: Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wanaume na vijana walikula pamoja na kufundishana, na bara nzima ugali wa chombo kimoja umewalea watu wengi kuliko wali.

Ni nini basi kilichotutenga? Wengi husema ni sahani na meza, lakini sioni kosa la ubao wenye miguu minne. Nimekula Mombasa katika nyumba ambamo sinia limewekwa juu ya meza kwa ajili ya magoti ya bibi, na kanuni zote zilikuwapo. Kilichotutenga ni saa. Baba hutoka Mbagala alfajiri ili awahi daladala, hurudi watoto wamelala. Mama ana duka au ofisi. Mtoto hupitia kibandani akala chipsi mayai akiwa amesimama. Na kila mmoja, afikapo nyumbani, hukuta chakula chake kimefunikwa kwa sahani nyingine, akakila mbele ya televisheni au simu, kimya. Nyumba hizo hazina uhasama. Zina watu wema wasiojuana njaa zao.

Wengine huleta hoja ya afya, nayo ni hoja ya kusikilizwa kwa makini, hususan baada ya korona ya mwaka 2020 kuwafanya hata ndugu waogope mikono ya ndugu. Mwenye kikohozi au maradhi ya tumbo aliwekewa chake pembeni tangu zamani, na hakuona kuwa ametengwa. Lakini wazee wetu hawakutuachia beseni moja ambamo kumi huchovya mikono katika maji yale yale. Hilo ni uvivu wa miaka ya karibuni, na linafaa kukomeshwa. Walituachia birika, maji yanayotiririka juu ya kila mkono na kwenda zake, na tukiongeza sabuni tu tumekamilisha anayotuusia daktari wa zahanati.

Wanaotaka kujua kama jambo hili huweza kusimama mbali na pwani wawatazame jamaa zetu wa Muscat. Waliohama Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi waliokwenda Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, waliondoka na Kiswahili chao na wali wao wa nazi, wakafika kwa watu ambao nao hulizunguka sinia, na mpaka leo, katika nyumba nyingi kule, siku ya Ijumaa husikika Kiswahili juu ya mkeka kutoka kwa vijana ambao hawajaiona Forodhani. Sidhani lugha ile ingalibaki kama kila mmoja angalikula chumbani mwake.

Siombi watu waache kazi wala wauze meza. Naomba mlo mmoja kwa juma, na Ijumaa baada ya sala ingefaa, au Jumapili kwa wenye kanisa, simu zikiwekwa ndani ya kapu mlangoni. Pasipo wali, ugali na dagaa watoshe, pasipo ua, sakafu ya sebule itoshe, na pasipo watu wengi, jirani anayekaa peke yake aitwe. Mtoto mdogo kuliko wote apewe birika. Mgawaji wa kitoweo abadilishwe kila juma, ili vijana nao wapitie mtihani wa kugawa mbele ya macho ya watu. Na kwa ajili ya lile deni la uani ambalo halijalipwa, kawa lisiinuliwe kabla aliyepika hajaketi.